Aliyeambiwa Angoje

9 Januari

Dada,

Shikamoo. Ukiiona bahasha hii utasema, "Huyu akiandika ana shida." Kweli ninayo, lakini shida haikimbii, tupeane habari kwanza.

Sisi tu wazima kwa kiasi chetu. Paa la maktaba linavuja tena, na juzi tulishinda tukianika vitabu kwenye kamba kama nguo za mtoto mchanga. Mkuu wetu ameoa mara ya tatu, tukamchangia mapazia, maana mke wa kwanza na wa pili waliondoka na yao. Mimi bado niko chumba kile cha nyuma na sindano yangu na gundi, nashona vitabu vilivyochoka. Masikio yako je? Ulipoacha kupokea simu nilidhani umeninunia, hadi mwenye duka jirani yako akaniambia mashine ya kukandia unga imeshayala yote mawili. Pole, dada. Ndiyo maana naandika.

Haya sasa. Nilimpeleka Chiriku kwa daktari wa ukuaji wa watoto. Unakumbuka mama ndiye aliyempa jina hilo akiwa bado mchanga, eti atakuwa msemaji. Mtoto akakaa miaka mitano hajatamka hata "maji"! Sasa ana tisa, anasema, ila anasema anapotaka yeye. Daktari alimwona mara nne, akanihoji na mimi mpaka jasho likanitoka, mwisho akasema ni usonji. Nikamuuliza nimekosea wapi, nilikula nini, nilimeza dawa gani. Akanikata kauli: "Hukukosea popote. Ubongo wake ulianza kujijenga hivyo akiwa tumboni." Akanieleza kwamba mimi na wewe tukikaa sokoni, ubongo unatuchujia, tunamsikia anayeongea nasi na kelele nyingine zinapita. Wa Chiriku hauchuji. Feni, mlango, viatu vya mpita njia, mshono wa soksi, vyote vinamwingia kwa nguvu moja. Kumbe akiziba masikio na kulia si deko. Dada, nililia palepale mbele ya daktari. Mtoto huyu nilimchapa kwa ajili ya soksi.

Kisha akauliza kama kuna mwingine wa namna hiyo katika ukoo. Nikamtaja kaka yetu. Nilikuwa na miaka minne Karani alipofariki, na ninachokumbuka ni vizibo vya chupa alivyovipanga mstari tangu mlangoni hadi uani, na mama akinyanyua gauni kuvivuka asivivuruge. Ndiyo maana akamwita Karani. Mengine ni yaleyale tuliyokua nayo: mama alisahau kufunga komeo, Karani akatoka peke yake, mvua ikanyesha, mfereji ukamchukua. Daktari anataka zaidi ya hayo. Alisemaje, aliogopa nini, alitulizwa na nini. Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita na wewe ndiye uliyekuwa unashinda naye. Niandikie.

Na shida yenyewe ni hii. Uvimbe wangu wa tumboni umekua, napasuliwa tarehe ishirini Mei, na baada ya hapo wiki sita siruhusiwi kuinua hata ndoo. Baba yake Chiriku unamjua, alishasema hakuoa ili alee kitendawili. Sina wa kumwachia mtoto ila wewe, mama yake mkubwa. Wiki sita tu. Nijibu mapema, maana safari ya mtoto huyu inaandaliwa kwa miezi.

Mdogo wako


2 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua ilifika siku nyingi, kazi zikanizonga. Mimi mzima, ila goti linajua mvua inakuja kabla ya watu wa redio. Masikio umeambiwa kweli, moja limekufa na la pili linafuata jeneza. Mikate inatoka. Juzi fundi wangu mmoja alitia chumvi mara mbili, wateja wakarudisha mikate sabini, nikamwambia aile yeye na ukoo wake. Nimevunja ngazi za nyuma ya kiwanda, nimejenga mteremko. Mikokoteni ya unga inapita vizuri zaidi.

Pole kwa huo uvimbe. Pole na kwa mtoto, ingawa madaktari wa siku hizi hawaoni mtoto bila kumpa jina la ugonjwa. Atakua tu.

Kumleta hapa haiwezekani. Kuna tanuri, ataungua. Chumba cha wageni kimejaa magunia. Halafu mimi watoto siwawezi, unajua. Mungu hakunipa, naye anajua kwa nini. Mpeleke kwa shangazi, au mtafutie shule ya bweni.

Karani mwache alale. Alikuwa mtoto mpole. Mkate alitaka ukatwe pembe nne, ukiukata pembe tatu hali. Hilo tu ninalokumbuka.

Tumia dawa za daktari, usitumie za majirani.

Dada yako


15 Februari

Dada,

Shikamoo. Huku wazima. Mkuu wa maktaba ameanza kupaka nywele rangi, na kola ya shati nayo imepakwa.

Sasa tuje kwenye visingizio vyako, kimoja kimoja. Magunia yanahamishika. Tanuri lina mlango. Shangazi ana miaka themanini na mbili, naye humwita Chiriku "yule bubu" mbele yake, wakati mtoto anasikia kuliko sisi sote. Na bweni! Mtoto ambaye nikibadili kikombe chake asubuhi siku nzima inaharibika, nimpeleke akalale na wenzake arobaini?

Tena si mzigo kama unavyodhani, dada, ukishajua mlango wa kuingilia. Ukutani nimembandikia picha za siku yake: kuamka, uji, maktaba, kuoga. Jambo likibadilika nabadili picha mbele yake, namwambia kabla. Nguo zote nimekata lebo za shingoni. Sokoni tunaenda mapema kabla watu hawajajaa, na tukirudi namwacha nusu saa chini ya meza yangu ya kazi, kwenye giza kidogo, anatulia mwenyewe. Na mkate anataka pembe nne. Sikumfundisha. Sentensi ile ya barua yako niliisoma mara tatu.

Hilo tu unalokumbuka? Mimi wa miaka minne nakukumbuka wewe ukimtembeza Karani kwa kidole kimoja, kwa sababu mkono mzima hakuupenda kushikwa. Wewe wa kumi na sita umesahau?

Nikupe moja, labda utacheka, ingawa mimi siku hiyo sikucheka. Nilikuwa nashona kitabu kikubwa, nikampa Chiriku ncha ya uzi nikamwambia, "Shika hapa, usiachie mpaka nirudi." Mkuu akaniita. Huko nikakuta mafaili, maneno, chai, nikasahau kabisa. Narudi saa mbili baadaye, mtoto amesimama palepale. Uzi umemkaza kidole kimekuwa cha buluu, amejikojolea, hajasogea hatua moja. Nikapiga kelele, "Mbona hukuachia?" Akanijibu, "Hukurudi."

Daktari alinisema vibaya. Alisema sisi tukiambiwa "ngoja hapa" tunajiongezea wenyewe: isipokuwa nikibanwa na mkojo, isipokuwa moto ukiwaka. Mtoto kama Chiriku hajiongezei usichomwambia. Neno ni lilelile ulilolisema. Usimwambie kamwe angoje bila kumwambia mpaka saa ngapi, na afanye nini ukichelewa. "Mtoto huyu," alisema, "anaweza kukaa palepale nyumba inaungua, na atakuwa anakutii."

Kwa hiyo nakuachia maelekezo yote, nitayaandika. Nijibu upesi.

Mdogo wako


24 Machi

Dada,

Shikamoo. Hii ni wiki ya sita sijaona hata karatasi yako. Nilidhani barua imepotea, nikampigia mwenye duka. Anasema uko mzima, ila tangu mvua zianze unawaacha mafundi na tanuri lao, unasimama nyuma ya kiwanda na mwavuli, unautazama mteremko. Anakusalimia huitikii, akadhani ni masikio.

Unatazama nini, dada? Kitu gani kimekupata?

Nimebakiwa na wiki nane. Kama jibu ni hapana, andika hapana, lakini niambie na sababu ya kweli. Magunia siyakubali.

Mdogo wako


11 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu uniwie radhi, leo sina. Karatasi hii ni ya saba, sita nimezitia kwenye tanuri.

Karani hakutoka peke yake. Mama alifunga komeo. Mimi ndiye niliyelifungua.

Ilikuwa Jumamosi. Mama alirudi kazini amechoka, akajilaza na wewe, akaniambia nimwangalie Karani. Nami nilikuwa nimeahidiana na kijana wa kupeleka mikate, yule uliyekuja kumwita shemeji. Kumwacha Karani ndani sikuweza, angelia mama akaamka. Nikamtoa kwa kidole. Umekumbuka sawasawa.

Sokoni akashindwa. Aliziba masikio akajikunja chini kabisa, watu wakaanza kutuzunguka na maneno yao. Nikamtafutia mahali pa kimya. Hilo ndilo linaloniua, mdogo wangu, kwamba mahali pale nilipachagua kwa kumhurumia. Chini ya daraja la mfereji palikuwa na ngazi za mawe, pamepoa, na maji hayakufika hata kwenye kifundo cha mguu. Akatoa mikono masikioni. Akakaa ngazi ya tatu kutoka chini, nikamwona amefurahi. Nikamwambia, "Kaa hapa, usiondoke mpaka nirudi. Narudi upesi." Akaitikia kwa kichwa.

Mvua ilinyesha kwanza huko vilimani, mjini hatukuiona. Mimi nilikuwa nyuma ya kiwanda cha mikate nacheka.

Juu ya daraja alikaa fundi viatu. Siku ya mazishi alinivuta pembeni. Aliniambia alimwona mtoto maji yakiwa yamefika magotini, akamwita, "Wewe, panda juu huku!" Karani akatikisa kichwa. Akamwita tena, akamtukana. Na Karani, ambaye kwa mtu wa nje hakuwahi kufungua mdomo, akamjibu: "Dada anarudi." Fundi akadhani nipo karibu, akageuka kuokoa viatu vya watu visilowe. Alipotazama tena ngazi zilikuwa zimefunikwa.

Nilimpigia magoti yule mzee asimwambie mtu. Hakumwambia. Mama aliposema mbele za watu, "Ni mimi, komeo sikulifunga," nilikuwa nimesimama ubavuni mwake, nikanyamaza. Nikajiambia nitamwambia kesho. Kesho yenyewe imekuwa miaka arobaini na moja, na mama ameshaenda.

Unajua nililalaje miaka yote hiyo? Nilijiambia hakuwa na akili. Mtoto mwenye akili angepanda, kwa hiyo hata nisingemwacha pale, siku nyingine angekufa kwingine. Niliishikilia hiyo. Halafu ukaniletea habari ya uzi, eti nicheke. Kumbe alijua anachofanya. Alikuwa ananitii.

Namwona. Usiniite kichaa, nilikuwa namwona hata kabla mume wangu hajafa, na yeye alijua. Anakaa kwenye ngazi, zozote zile, mikono magotini, nguo zake kavu. Hana lawama usoni, afadhali angekuwa nayo. Tulihama nyumba mbili kwa sababu ya ngazi. Za hapa nikazivunja, nikakudanganya habari ya mikokoteni. Mvua hizi amekuja akakaa kwenye mteremko.

Umetaka sababu ya kweli, ndiyo hiyo. Mimi si mtu wa kuachiwa mtoto yeyote, na zaidi mtoto wa aina yake. Usiniletee.

Dada yako


1 Mei

Dada,

Shikamoo, kwa sababu nilifunzwa adabu na mama.

Nikueleze habari za mama, maana wewe uliolewa ukaondoka, mimi ndiye niliyebaki naye. Baada ya Karani aliongeza komeo la pili, ingawa mtoto wa kutoroka hakuwepo tena. Kila tukikaa kula alikuwa anainuka katikati ya tonge kwenda kuyagusa yote mawili. Wageni walidhani anaogopa wezi. Miezi yake ya mwisho miguu ikagoma, akawa ananituma mimi: "Nenda kaangalie kama nilifunga." Nikirudi nikamwambia umefunga, mama, ananitazama kama mtu anayefichwa jambo. Amekufa hivyo. Neno lako moja lingemtua mzigo ule, na ulikuwa nalo kila ulipokuja, kila ulipomletea mikate na vitenge.

Siku tatu sikuweza hata kuigusa barua yako. Nilisema bora nife na uvimbe wangu kuliko kukupa mwanangu. Nikakutukana kwa sauti, peke yangu, chumbani na vitabu.

Chiriku akanikuta nalia, akataka kujua. Mtoto huyu huwezi kumwambia "si kitu", kwa sababu anaona kuna kitu. Nikamwambia yote, kama ulivyoyaandika: mjomba wake, sokoni, ngazi, maji. Hakulia. Alifikiri muda mrefu huku akipanga vidonge vya uzi mezani, kisha akaniuliza, "Alingoja kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi?"

Miaka arobaini na moja, dada. Mama hakuuliza, mimi sikuuliza. Sote tulikuwa tunatafuta nani alifungua mlango. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mtoto alikaa pale muda gani.

Ndipo nikafikiri kwa utulivu. Kila mtu ninayeweza kumwachia Chiriku ipo siku atamwambia "ngoja hapo" akaenda zake. Mimi niliyemzaa nilimwambia, nikaenda kunywa chai. Tunasahau kwa sababu kwetu ni maneno ya kupita. Dunia nzima ninamjua mtu mmoja tu ambaye hawezi kulisema neno hilo akalisahau, na ndiye amenikataza nisimlete.

Habari ya mama sijakusamehe. Usiniombe, nitakuambia mwenyewe siku nikiweza, na nisipoweza basi. Lakini Chiriku namleta. Tunapanda basi Ijumaa tarehe kumi na sita asubuhi.

Ila mwenyewe ana sharti. Anasema haendi mpaka ajibiwe swali lake. Picha ya basi amekataa tuibandike ukutani. Mwandikie yeye, si mimi, na usimzungushe. "Upesi" haelewi, "kama saa fulani hivi" haelewi. Ukisema uongo atajua, na mimi nitajua.

Mdogo wako


8 Mei

Chiriku, mwanangu,

Hujambo. Mimi ni mama yako mkubwa. Umeuliza, nami nakujibu.

Mjomba wako alianza kungoja saa nane na robo mchana. Maji yalifika mahali alipokaa saa kumi na nusu. Fundi viatu alijua saa kwa sababu king'ora cha kiwanda cha nguo kilikuwa kinalia. Alingoja saa mbili na robo.

Mimi nilirudi saa kumi na moja na dakika kumi. Nilikuwa nimemwambia nitarudi upesi. Upesi si saa. Sikumwambia afanye nini nikichelewa, wala afanye nini maji yakija. Yeye alifanya vilevile alivyoambiwa, hakukosea hata kidogo. Aliyekosea ni mimi. Bibi yako alifunga komeo, hakukosea yeye pia. Hili la bibi nimechelewa kulisema.

Barua hii nampa dereva wa basi aifikishe mkononi mwa mama yako, ili uisome kabla ya safari.

Basi lenu litafika hapa Ijumaa tarehe kumi na sita, saa sita na nusu mchana. Nitakuwa kituoni kuanzia saa tano kamili, nimesimama mlango wa pili, ule wenye rangi ya kijani. Nitavaa aproni nyeupe na kilemba cha buluu. Basi likichelewa, wewe na mama yako msishuke mahali pengine, njooni tu mpaka mwisho wa safari. Mimi sitaondoka.

Mama yako mkubwa